Mgeni Katika Chupa ya Kijani

Maabarani wanamwita Mama Chujio, ingawa hana mtoto. Jina kalipata kwa kazi: maji ya bahari yakiletwa kwa madumu, huyapitisha kwenye karatasi yenye vitundu ambavyo hata bakteria hapenyi, kisha huinamia hadubini kuangalia nani kakwama. Nimeona watu wakichungulia dirisha la jirani kwa hamu ndogo kuliko ile.

Alichokuwa akikitafuta ni kijimea cha kijani, kidogo hata punje ya vumbi ni jabali mbele yake. Vijimea vya namna hiyo hutoa sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta, nasi hata salamu hatuvipi. Mama Chujio alitaka kukipata peke yake, bila bakteria hata mmoja, ajue kinaishije. Kwa ajili hiyo alipewa rafu yenye taa, ya pekee katika idara nzima. Watu wa samaki nao waliililia kwa ajili ya vifaranga wao. Mkuu wa idara akakata shauri: ikifika Jumatatu ijayo hakuna chupa iliyo hai na iliyo safi, rafu inahama.

Shida ni kwamba kila alipokisafisha, kilikufa. Chupa ilianza na rangi ya jani changa, ikafifia, ikaishia maji matupu. Akabadili chumvi. Akapunguza mwanga. Akaosha vioo kwa tindikali mpaka vikalia chini ya kidole. Wapi! Chupa moja tu ilibaki kijani, na hiyo hadubini iliiumbua: ndani mlikuwa na bakteria mnene, kajiingilia bila hodi. Kanuni haina huruma. Chupa iliyoingiliwa huchemshwa kwenye mtungi wa mvuke ikamwagwa. Za namna hiyo alikwisha kumwaga nyingi, bila kuuliza swali.

Hii aliishika mkononi, akasita. Mbona wasafi wanakufa, na mwenye mgeni ananawiri?

Alijua kwamba mwanga ukipiga maji ya bahari huzaa peroksaidi kidogo, nayo ni sumu kwa kitu kichanga kama kile. Je, mgeni ndiye anayeiondoa? Kupima si kazi: mdondoshee bakteria peroksaidi, na kama anaivunja, povu litatoka. Ila peroksaidi ya maabara ilikuwa imekwisha na mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Akampigia simu mdogo wake, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, anayepausha nywele kwa dawa hiyohiyo.

"Leo unampausha nani, dada? Wadudu wako?"

"Lete ile ya maji, siyo ya krimu. Na usiniulize."

"Siulizi. Ila wakitoka rangi ya dhahabu, picha napiga mimi."

Akaja na aproni yake yenye madoa, akasimama nyuma ya dada yake huku akinyoosha shingo. Tone la kwanza lilipomgusa bakteria, aliyekwisha kumtenga na kijani chake, likachemka kama soda iliyotikiswa. Tone la pili likaangukia kijimea kisafi. Kimya.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" msusi akapiga kofi.

"Punguza mbwembwe. Hili ni povu tu. Mwenyeji hajapona bado."

Akazigawa chupa zilizokuwa zikififia. Nusu akazitia bakteria kidogo, nusu akaziacha na usafi wao.

Jumatatu mkuu aliingia, na nyuma yake mtu wa samaki, ndoo mkononi tayari. Rafuni, nusu ya chupa zilikuwa kijani kibichi.

"Hongera, Daktari! Safi kabisa," mkuu akasema, akageuka kutaka kuondoka.

Angenyamaza, rafu ingekuwa yake.

"Si safi, Mkuu. Hizo za kijani zote zina bakteria. Nimemtia mwenyewe."

Mtu wa samaki akatua ndoo. "Umemtia?"

"Safi ni hizi," akaonyesha zile zilizokuwa maji matupu. "Zimekufa."

Mkuu akainamia hadubini, tai yake ikilala mezani. Akamwomba arudie tone la peroksaidi. Kisha akamwomba tena.

"Masharti yalikuwa chupa safi," akasema hatimaye.

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi rafu inahama." Akakuna kidevu. "Safu ya chini mwachieni. Lakini niambie, huyo mgeni anapata nini? Hafanyi usafi wa watu bure."

"Nadhani anakula sukari inayovuja kwa mwenyeji wake. Ila nadhani tu, Mkuu, sijui."

Wakasaidiana kuhamisha. Safu moja haimezi chupa nyingi, ikambidi achague. Ya kwanza kuiweka ilikuwa na bakteria peke yake, bila kijani chochote, aone kama naye ataweza kuishi bila mwenzake.