Akili za Magotini

Katika nyumba ya wazee pale Lubaga, akili ya mwanamke ilipimwa magotini. Wengi wa kina mama waliokaa humo walikuwa na ugonjwa wa akili wa aina moja au nyingine, na mkuu wa wauguzi, mwanamke mnene mwenye saa ya kubandika kifuani, hakuona haja ya kipimo kingine. Mgeni akija, walipiga magoti kumsalimia, kama ilivyo desturi ya Buganda. Aliyeshuka upesi alikuwa anapona. Aliyesita, ugonjwa ulikuwa unamrudia. Kwa kipimo hicho mimi, Mkenya, nilikuwa kichaa tangu siku ya harusi yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa humo. Baada ya vita alianza kugombana na mtoza kodi aliyekuwa akiishi darini kwetu. Nyumba yetu haikuwa na dari. Kabla ya huyo mtoza kodi, ugomvi wake mkubwa ulikuwa na mimi. "Unasalimia umesimama kama polisi," aliniambia miaka nenda miaka rudi, tena mbele za watu. Nami nikamjibu kwamba kwetu tunapeana mikono, magoti ni ya kanisani. Hatukuafikiana. Lakini mwili wake ulikuwa mzima. Hata pale Lubaga alijifulia, alijilisha, alikwenda chooni mwenyewe, akimtukana mtoza kodi njia nzima, maana naye alikuwa amehamia huko.

Kisha nikasafiri kwenda kwetu kwa mazishi. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, mate yanamtoka, kijiko hakifiki kinywani. Walikuwa wamemvalisha nepi. Mama yule aliyepiga pasi hata leso zake!

"Nyabo," yaani bibi, mkuu wa wauguzi aliniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "mama alikataa kupiga magoti mbele ya mugeni. Mugeni mukubwa! Ugonjwa ya kichwa ilikuwa imerudi. Tukaongeza dawa. Sasa ametulia."

"Hakusema kwa nini amekataa?"

"Alisema goti inauma." Akacheka kidogo. "Wagonjwa hawa wanasemaga vitu mingi."

Kutulia alikuwa ametulia kweli, hata ukuta ulikuwa na uchangamfu kumzidi. Damu ikanichemka. Nikashuka hapo hapo kwenye saruji, nikapandisha gauni lake. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Mtu yeyote mwenye macho angeliona, lakini katika nyumba ile mgonjwa wa kichwa hakuruhusiwa kuugua chini ya shingo.

Nilipiga kelele mpaka daktari akaitwa. Akalitoa goti maji, akapunguza vidonge, kisha akanivuta kando: asipoinuka karibuni, hatainuka tena maishani. Hapo hasira ikaniisha, nikaogopa. Kila jioni nilifunga duka langu la masufuria Katwe, nikapanda Lubaga kumkanda kwa kitambaa cha maji moto. Goti la mtu aliyeketi hulikandi ukiwa umesimama, kwa hiyo nilikuwa chini, magoti yangu nayo yakilalamika. Mkuu wa wauguzi alipita akaniona, akafurahi kupita kiasi.

"Eh, nyabo! Sasa umejua kusarimia!"

Nikamwambia asante, naendelea kupona.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa amemsahau hata mtoza kodi. Nilimkanda, nikamsihi ainuke, naye akanitazama kama mtu anayetazama mvua. Sikuwahi kudhani ningeyakumbuka matusi yake, lakini niliyakumbuka, na nikaanza kumlilia angali hai. Kisha jioni moja macho yake yakashuka polepole, yakanikuta pale miguuni pake, yakafunguka.

"Mukenya," akasema. "Wewe? Unapiga magoti? Nani amekuharibu kichwa?"

Akaweka kiganja juu ya kichwa changu hicho kilichoharibika, akakikandamiza kwa uzito wake wote, akainuka. Nikabaki chini nikilia na kucheka, huku yeye akijikokota kuelekea chooni, mkono ukutani, akimwuliza mtoza kodi kama naye ameyaona maajabu yale.