Mfanyakazi Hodari Yuko Likizo ya Uzazi

Ofisi yetu ya utalii hapa Arusha ina kompyuta nne, lakini barua pepe zote za wageni tulikuwa tunazijibu kwa akaunti ya mtu mmoja, dada wa mapokezi. Wageni walishamzoea, na paswedi yake tuliijua wote. Hata alipokwenda kujifungua kwao Makumira, tuliendelea kuingia kwa jina lake, tukipanga safari na kujibu maswali kama vile yupo.

Bosi akaja kusikia kwamba seva inatunza kumbukumbu za nani ameingia na amefanya nini. Akamwita fundi, akachapishiwa za mwezi mzima, akaziamini kuliko macho yake. Kwenye kikao akatutangazia kwamba dada wa mapokezi anatushinda wote kwa kazi, na kwamba mimi, ninayefungua ofisi kila asubuhi, sijagusa kompyuta kabisa.

“Samahani, bosi,” nikamwambia, “huyo dada si amejifungua? Yuko kwao anakunywa mtori. Nepi za mtoto ulinunua wewe mwenyewe.”

“Kompyuta haidanganyi,” akasema, akatoka.

Nilikasirika hadi chai ikanishinda. Mchana barua ya onyo ikaingia kwenye barua pepe yangu, ndefu, kali, yenye jina la bosi chini kabisa. Nikapandisha macho juu, pale panapoonyesha imetumwa na nani.

Ilikuwa imetumwa na dada wa mapokezi.