Daktari Aliyeomba Kumsikia Prisca

Daktari aliyemwokoa mwanangu hakuwahi kumgusa. Hata sura yake alikuwa haijui.

Naitwa Scholastika. Nalima karoti na kabichi huku juu milimani, Uluguru. Haya yalinikuta kipindi kile cha korona, watu wanasalimiana kwa viwiko.

Mume wangu, Kasiani, alikuwa ameondoka kwenda Turiani kukata miwa. Kabla ya kuondoka aliugua kikohozi. Kilipona chenyewe, ila maneno yalishatembea kijiji kizima: kwa Kasiani kuna korona.

Basi, kimenuka.

Jirani aliyekuwa anakuja kuomba moto kwangu kila asubuhi akanunua kiberiti chake. Nikienda kuchota maji, wenzangu wananipisha kama mimi ni askofu.

Kanisani nikawa napata benchi zima peke yangu.

Mama mkwe aliniletea ndizi, akaziacha njiani, akaita jina langu na kuondoka kabla sijafika. Sikumlaumu. Ana pumu.

Nikabaki naongea na Prisca tu, mwanangu, ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza.

Ndipo Prisca akaanza kukohoa.

Kwenda zahanati niliogopa. Watu walisema ukipeleka mtoto anayekohoa mnatenganishwa, mama huku, mtoto kule. Mimi nikaamini.

Nikakumbuka namba tuliyotangaziwa baada ya misa. Unapiga bure, anapokea daktari wa watoto aliyeko Morogoro mjini. Nikambeba Prisca hadi juu ya shamba, mtandao unakokamata.

"Naitwa Daktari Hafidha," ilisema sauti ya kike, imechoka. "Mtoto ana nini, mama?"

Nikaangua kilio. Sikulilia kikohozi. Ilikuwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza kitu.

Alinisubiri nimalize. Kisha akauliza kama mtoto ananyonya, kama anatapika, kama anachangamka. Akaniambia nimvue nguo niangalie kifua, halafu niweke simu karibu na pua yake, nikae kimya.

Siku ile alisema bado ni mafua. Nimnyonyeshe mara kwa mara, na kesho nipige tena.

Kesho yake Prisca alikataa ziwa. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani. Nikapanda tena, nikamweleza daktari.



"Mama Prisca, hapa simu imefika mwisho wake. Huyu anahitaji oksijeni. Ondoka sasa hivi."

Nikamwambia kijiji kina dereva mmoja tu wa bodaboda, Severini, na alishaapa hatubebi. Akaomba namba yake.

Sijui walizungumza nini. Severini alikuja amejifunga kitambaa puani, akasema, "Shemeji, panda." Tukashuka mlima wote, makorongo na utelezi, bila neno jingine.

Hospitali walikuwa wanatusubiri. Kumbe Daktari Hafidha alishawapigia. Ilikuwa nimonia. Prisca akawekewa oksijeni na dawa za mshipa, na hakuna aliyetutenganisha. Nililala naye kitanda kimoja mpaka akapona.

Tuliporudi nyumbani, daktari akawa ananipigia yeye. Tukapanga iwe kila asubuhi, nikiwa juu ya shamba.

"Niwekee Prisca," anasema.

Namwekea. Mtoto anabwabwaja, anacheka, anaguguna simu. Yeye kimya, anasikiliza. Nilidhani ndiyo matibabu yenyewe.

Asubuhi moja hakupiga. Wala iliyofuata.

Nikapiga ile namba ya bure. Akapokea kijana mmoja, akasema Daktari Hafidha amepona, amerudi wodini.

Amepona nini?

Akanieleza. Daktari mwenyewe alikuwa ameugua korona, amefungiwa chumbani peke yake. Aliomba apewe simu za wagonjwa asikae bure. Nikauliza kuhusu zile simu za kila asubuhi. Akashangaa. Utaratibu wao ni kupiga mara moja tu baada ya mtoto kupona.

Mchana ule, nikiwa bado juu ya shamba, Hafidha alinipigia mwenyewe.

Aliniambia ana mtoto, Abdulmajid, analingana na Prisca. Alimpeleka kwa bibi yake Ngerengere asije akamwambukiza. Kila akipiga, mtoto akisikia sauti ya mama yake analia mpaka anatapika. Bibi akamwomba aache kupiga.

"Nilitaka tu kusikia mtoto anapumua vizuri," alisema. "Nisamehe, sikukwambia."

"Hakuna cha kusamehe, dada," nikamwambia. "Prisca alishapona zamani. Mimi ndiye niliyekuwa napanda mlima kukusikia wewe."

Hakuna kati yetu aliyetaka kukata simu.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mtoto akiugua piga simu mapema. Ukiambiwa nenda hospitali, nenda, usisikilize ya mtaani. Na jirani yako akitengwa kwa ugonjwa, si lazima umkaribie. Simama ng'ambo ya njia, muulize ameamkaje, na umsubiri ajibu.