Kupimwa Mkono Nikiwa Bado Kazini

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkanda wa karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ulinasa glovu ya mkono wangu wa kulia. Niliiona glovu ikienda na mkanda, nikafikiri kwamba nitadaiwa glovu. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa vidole viwili vilikuwa vimekwenda nayo, na cha tatu hakikunjiki. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi, nje kidogo ya Bugarama.

Kidonda kilipopona nilirudi kwenye kazi ileile, kwa mshahara uleule. Nilijifundisha kushika spana kwa kushoto, nati kubwa kwanza, ndogo baadaye. Kuandika kulichukua muda mrefu zaidi. Jioni nilisoma sheria ya fidia, niliyoichapisha stesheneri mjini Shinyanga, nikaielewa hivi: mshahara ni malipo ya kazi, na fidia ya ulemavu wa kudumu ni malipo ya kiungo. Mtu anaweza kufanya kazi kutwa nzima na bado akaidai. Nikapeleka madai.

Kazini waliniita mlemavu wa mshahara kamili.

“Sisi wenye vidole kumi mbona hatupewi kitu?” mmoja aliniuliza.

“Toa viwili, nitakuonyesha pa kuombea.”

Msimamizi wa zamu aliniita pembeni. “Mzee, mimi sikuzuii. Ila karatasi ikisema wewe ni mlemavu, wakubwa wataniuliza mlemavu anafanya nini kwenye karasha. Nitawajibu nini?”

“Anafunga nati.”

“Hilo nalijua mimi. Wao hawalijui.”

Tulikubaliana nipimwe kwanza na daktari wa kazini, aandike kama naimudu kazi. Kwa hiyo mkono mmoja ulipangiwa vipimo viwili katika wiki moja. Ukionekana mbovu mno, kazi ingekwenda. Ukionekana mzima mno, fidia ingekwenda. Niliamua kufanya yaleyale kote kuwili na kuwaachia wao waandike.

Mke wangu hakupenda. “Baba, Alhamisi uende kuwaambia watu huwezi, halafu Ijumaa uende kazini ukaweze?”

“Nitawaambia ninachoweza na nisichoweza.”

“Haya. Lakini twende wote, shati lako nitalifunga mimi.”

Kipimo cha kazini kilikuwa kifupi. Nilifungua nati kwa kushoto, nikazifunga, nikanyanyua pipa tupu. Daktari aliandika kwamba naimudu kazi. Siku mbili baadaye tulikwenda Shinyanga kwa kipimo cha fidia.

Daktari wa huko alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, nikaitikia. Alinipa kalamu, nikapokea. Alinipa karatasi, kisha sarafu, kisha glasi ya maji. Vyote nilivipokea kwa mkono wa kulia, vidole vilivyobaki vikibana na mkono wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama tulivyolelewa Ushirombo. Kupokea kitu kwa kushoto kutoka kwa mtu wa ofisi ni kumtukana. Sikuamua kufanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe, na uliuma.

“Mkono umerudi vizuri, mzee,” alisema, akaandika ulemavu wa asilimia tisa kwa penseli.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya sheria. Hili halikuwa la sheria.

Mke wangu alisogeza kiti. “Samahani, daktari. Nyumbani huyu hata kikombe cha uji anakishika kwa kushoto. Hapo alikuwa anakuheshimu wewe.”

Daktari alinitazama. “Kweli, mzee?”

“Kweli.”

“Mbona hukusema?”

“Hukuuliza. Ulinipa, nikapokea.”

Aliichukua sarafu, akaiweka mezani. Akasema niiokote kwa mkono wa kulia, na kwamba hanipi yeye, ipo tu. Niliisukuma hadi ukingoni, ikaanguka. Akaniambia nifungue kifungo cha shati, kisha nikifunge. Kukifungua nilifaulu. Kukifunga nilihangaika mpaka jasho likanitoka, na macho yangu yakaenda kwa mke wangu.

“Usimtazame mama,” daktari alisema.

“Nimezoea.”

Alifuta tisa, akaandika kumi na nane. Chini yake aliongeza kwamba nafanya kazi yangu kwa kutumia mkono wa kushoto, na kwamba naimudu.

Msimamizi wa zamu aliisoma karatasi hiyo kwa kurudia, huku karasha ikinguruma nyuma yake. “Hii naweza kuwajibu nayo,” alisema, akanituma kwenye mkanda uliolegea. Wakubwa walimuuliza kama alivyotabiri. Aliwajibu, na nikabaki kwenye mitambo.

Fidia iliingia benki: shilingi milioni sita, laki nne na elfu ishirini. Kwa kanuni ya malipo, asilimia ikipungua kwa nusu, fedha nazo hupungua kwa nusu, na tisa ni nusu ya kumi na nane. Maneno ya mke wangu mbele ya daktari yaliokoa shilingi milioni tatu, laki mbili na elfu kumi.