Udongo wa Msaliti

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu, lakini mji mzima ulimwita Msaliti. Si kwamba aliwahi kumsaliti mtu. Kila mwaka, katika maadhimisho ya vita vya ngomeni, ndiye aliyeigiza yule mtu aliyewafungulia adui lango. Wengine waliikataa sehemu hiyo wakihofia mkosi. Yeye aliipokea kwa kuwa hakuzoea kukataa. Watalii walimpenda. Alijua kulia.

Utaratibu ulikuwa huu: kila mgeni akiingia alipewa donge la udongo mbichi, bei yake ikiwa ndani ya tiketi. Msaliti alipopitishwa uani amefungwa mikono, wageni walimtupia udongo huku wenzao wakiwapiga picha. Udongo huo mjomba aliukanda mwenyewe alfajiri na kuuchambua kokoto kwa makini.

"Mpishi akijua chakula ni chake," alipenda kusema, "hasahau kuchambua mchele."

Mwaka huo binti yake alikuwa amechumbiwa. Wazazi wa kijana, watu wenye uwezo kutoka mbali, walipanga kuyaona maadhimisho kwanza, kisha kesho yake waje nyumbani kujitambulisha. Walikuwa wameambiwa kwamba baba yake binti ni fundi viatu, basi. Binti akamfuata baba kibandani kwake.

"Baba, nakuomba. Mwaka huu usiende kupigwa matope mbele yao."

"Kwani nimeiba? Ni kazi."

"Kwao ni aibu. Na kwangu pia, Baba, usinilazimishe kusema."

Mjomba akaenda kwa mratibu wa maadhimisho, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mzee wangu, uso wako umejaa kwenye mabango!" mratibu alisema. "Lakini kwa ajili ya binti, haya. Nitamweka kinyozi."

Siku ilipofika, mjomba alikanda udongo kama kawaida. Hakuuchambua. Nilipompelekea chai nilimwonyesha kokoto zilizochomoza, akacheka mpaka akakohoa.

"Kinyozi ana kichwa kigumu. Mwache naye aionje kazi hii."

Kinyozi alichungulia umati, akakumbuka ana wateja, akatoweka. Uwanja ulikuwa umeshajaa. Mratibu akamkuta mjomba ananawa mikono bombani, akawaita askari wawili wa maigizo wamshike.

"Mara moja tu, mzee. Tunakupaka masizi, hata aliyekuzaa hatakutambua."

"Sikiliza, ule udongo..."

"Udongo upo tele, usijali."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wakwe. Mama wa kijana, mwanamke mchangamfu, alitupa donge lake likamkosa Msaliti, akajicheka mwenyewe. Kisha akamgeukia binti, aliyekuwa amelibana lake mpaka maji yakamchuruzika kwenye kiwiko.

"Tupa, mwanangu! Au unamhurumia msaliti?"

Masizi huficha uso, hayafichi mwendo. Binti alimtambua baba yake tangu mlangoni. Baba naye alimwona, akasimama. Nadhani alisimama ili amrahisishie.

Binti akatupa.

Donge lilimpata juu ya jicho, kwa mlio ambao udongo mtupu hauna. Damu ikashuka ikichora njia katika masizi.

"Wameweka mpaka damu!" mtu mmoja alishangilia. "Hawa wako makini!"

Aliyeigiza kamanda akauliza swali lake la kila mwaka: "Msaliti, nani atakulilia?"

Jibu lilikuwa, "Mke wangu na binti yangu," na hapo ndipo mjomba alipotakiwa kuangua kilio.

"Sina mtu," akasema. Hakulia.

Walimzomea kuliko miaka yote. Mratibu, aliyekuwa karibu nami, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Jibu hili libaki hivihivi. Linauma vizuri."

Kesho yake wakwe walikuja. Mjomba aliwapokea sebuleni katika shati lake jeupe, bandeji ikiwa imemfunika nyusi, jicho limevimba.

"Pole, mkwe wangu!" alisema mama wa kijana. "Umeumia wapi?"

"Kazini."

"Kwenye viatu? Basi viatu vya huku vinapiga teke!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Aliyetangulia kucheka alikuwa binti yake, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Mjomba akainua sahani ya biskuti, akaanza kuwakaribisha wageni, akianzia kwa binti yake.