Chai ya Wakonyo Haijapogolewa

Jirani yangu Wakonyo ananichosha. Kila kura ikikaribia, hatulii. Hapa Roret sisi wengine tunabishana na kusahau, yeye anafungasha begi: hati ya shamba, kitambulisho, picha ya harusi. Begi linakaa nyuma ya mlango mpaka matokeo yatangazwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa, lakini miaka kumi na minane jamani?

Baba yake alinunua shamba hapa kabla mimi sijaolewa. Kikipsigis anakijua kama sisi, na maziwa yake ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni, nakubali kwa uchungu, ni matamu kuliko yangu. Mwaka ule wa fujo za baada ya kura hakuna aliyemuuliza alimpigia nani kura. Jina lake la Kikuyu lilitosha, nyumba ikachomwa. Alikaa kambini Nakuru miaka miwili, kisha akarudi peke yake. Mumewe, Njenga, alikataa katakata, na hadi leo yuko Naivasha.

Sasa chai yake imepitisha wakati wa kupogolewa. Imefika kifuani, wachumaji wanalalamika mikono inawauma. Huku kwetu, ukipogoa unakaa miezi mitatu bila kuchuma, kwa hivyo anayepogoa ni anayekaa. Mwaka kesho ni kura. Nilipoona hagusi hata mche mmoja nilijua anapanga kuuza, na raha ikanitoka kabisa, maana sina rafiki mwingine. Jumatatu nikachukua kisu changu cha kupogolea, nikaenda kumfokea.

Nilimwambia anatuaibisha, nani atamfukuza tena, kwani sisi si majirani? Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akauliza polepole, "Mama Kipngeno, siku ile vijana walipotoka barabarani, mlango wangu waliujuaje?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya miaka yote hiyo, hata kanisani nikiwa nimekaa kando yake. Lakini safari hii nikasema, "Waliniuliza. Nikawaonyesha kwa kidole. Niliogopa watachoma kwangu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimelala chini ya chai, mstari wa tatu kutoka mtoni. Mwaka huo pia haikuwa imepogolewa. Ilinificha, nikakuona."

Nilitamani ardhi inimeze. Alijua, na bado alirudi, akanipa maziwa, akanilelea watoto nilipolazwa hospitali. Nililia. Yeye hakulia. Alichukua kile kisu mkononi mwangu akaanza kukata, mche kwa mche, upande unaotazama nyumba yangu. Nikakimbia kuleta panga, nikamsaidia. Tulikata mpaka Jumatano.

Mistari minne ya upande wa mto hakuigusa, nami sikumwomba aikate.