Kobe la Baba kwenye Minazi Mitatu

Wewe cheka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, jua la utosini, nikiwa na akili zangu zote. Wenzangu ofisini hapa Kibaha wanasema majini hutoka usiku. Huyu wangu hakuwa na haja ya giza.

Kwanza nikujulishe gari, maana bila gari hakuna kisa. Ni lile dogo la zamani lenye mgongo wa duara. Huko Ulaya lilikotoka, watu wa mitaani walilibandika jina la mdudu, na jina hilo likavuma mpaka kiwanda chenyewe kikalikubali. Nyumbani kwetu tukaliita kobe. Ndivyo tulivyo, gari halijawa letu mpaka tulipe jina. Si hata yale makubwa ya waheshimiwa tumeyaita mashangingi, kama wanawake wa mjini wanaojua kujipamba?

Kobe lina vituko vyake, na wenzake wamecheza hadi sinema. Maji ya kusafishia kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba. Limebana hewa kiasi kwamba usiposhusha kioo kidogo, mlango unagoma kufunga. Na injini yake iko nyuma. Mbele, pale unapoitarajia, kuna tairi la akiba na nafasi ya mzigo.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Kila tulipoingia kituo cha mafuta, mhudumu alifungua mbele akague oili, akabaki ameduwaa. Baba alikuwa anasubiri hapo hapo. Anakaza uso, anamwambia gari hili halina injini, linakwenda kwa adabu tu. Nilisikia utani huo tangu mdogo hadi nikauchoka. Alipofariki aliniachia mimi gari, binti yake, si kaka zangu, na mpaka leo naringa nalo mtaani kwangu hapa Kibaha, Mkuza nzima.

Siku hiyo nilikuwa kijijini kwetu Marui, kule Kisarawe, kumsalimia mama. Wifi yangu Mwanahamisi, mke wa kaka, alikuwa pale na mimba yake ya kwanza, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Kaka yuko safarini. Mkunga akampapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya Tumbi, huku Kibaha, haraka. Gari lililokuwepo ni kobe. Na niamini, hata katika kihoro kile mama alinipakilia mkungu wa ndizi mbichi kule mbele, maana kwake mtoto haondoki mikono mitupu.

Sasa, barabara ile ya vumbi, kabla hujaishika lami, ina bonde lenye minazi mitatu iliyokatika vichwa. Magari huzimika pale. Kuzimika si hoja. Hoja ni mtu anayetokea kukusaidia. Anafungua boneti, anaingiza mkono, na injini ikishaguswa naye haiwaki tena maisha yake yote. Yapo yaliyoishia kuuzwa chuma chakavu na mafundi hawajaona kilichoharibika. Nilikulia na habari hizo. Niliziamini? Nikiwa Kibaha, hapana.

Tulipofika bondeni kobe likazima. Halikukohoa wala kutetemeka, lilinyamaza tu. Nikawasha, kimya. Mwanahamisi kiti cha nyuma alikuwa ameuma khanga, jasho linamtiririka.

Nikainua macho, nikamwona mtu amesimama mbele ya gari. Mzee wa makamo ya baba yangu, shati jeupe limenyooshwa, hana vumbi wala jasho katika jua lile. Najua unataka kuniuliza kuhusu miguu yake. Sikuitazama, na nashukuru sikuitazama.

Hakusalimia. Wewe umeona wapi mzee wa Kisarawe akakukuta umekwama, asikupe hata salamu? Alisema tu, "Nifungulie moyo wake."

Nami, kwa kuchanganyikiwa, nikavuta kile kishikio cha ndani na boneti ikafyatuka. Ndipo nikakumbuka minazi, nikahesabu vichwa ambavyo havipo. Nilimwona wifi yangu akifia pale na mtoto wake.

Yule mtu akainama, akaingiza mkono mpaka kwapani. Nikasikia anapapasa. Alipapasa tairi la akiba. Akapapasa mkungu wa ndizi. Akarudia tena, kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha akainuka taratibu, na uso wake, wallahi, ulikuwa uso wa mhudumu wa kituo cha mafuta.

"Hili halina moyo," akasema.

Nilikuwa naogopa. Lakini Mwanahamisi alipiga ukelele nyuma yangu na hasira ikanipanda, na mdomo wangu ukatoa maneno ya baba, kwa uso ule ule mkavu wa baba.

"Halijawahi kuwa nao. Linakwenda kwa adabu."

Alinitazama, akalitazama gari. Sijui aliniona nani. Nadhani alituona sisi ndio wakubwa wake, watu wa kutembeza chombo chenye kifua kitupu. Akafunga boneti polepole, kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akaweka kiganja kifuani. Mzee mzima yule, kwangu mimi mtoto wa juzi.

"Shikamoo," akasema.

Nikaitikia. "Marahaba."

Kobe likawaka lenyewe, nyuma, pale ambapo hakuwahi kufikiri kutazama.

Tulifika Tumbi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na jina lolote utakalosikia shuleni kwao, nyumbani tunamwita Kobe. Baba angecheka mpaka alie.

Lakini mkono ule uliacha kitu. Kule mbele hakupoi tena. Ndizi mbichi nikizipakia Marui, nikifika Mkuza zimeiva, na fundi wangu hataki hata kulizungumzia.

Kwa hiyo nakuonya. Ukizimikiwa kwenye minazi mitatu, na mtu nadhifu akakuomba boneti kabla ya salamu, usifungue. Mwache asimame. Na kama gari lako lina injini mbele kama magari ya watu wengine, ndugu yangu, zunguka njia nyingine.